Kupigwa Tochi Ugenini: Faini ya Barabarani na Haki ya Kuielewa

Wahenga walinena kuwa mgeni ni kuku mweupe. Hapana mahali ambapo kauli hiyo husadifu kuliko barabarani, hasa pale gari lenye namba za usajili za nchi moja linapovuka mpaka na kuingia nchi nyingine. Kila askari huliona kutoka mbali. Makala haya yanahusu jambo ambalo Wakenya wengi waendao Tanzania kwa likizo hulisimulia ama kwa vicheko ama kwa hasira, lakini ambalo ni nadra kuandikwa: kutozwa faini ya barabarani katika nchi isiyo yako. Nitadai kwamba faini ni matini kabla ya kuwa fedha. Kwamba anayetozwa ana haki ya kuisoma, kuielewa na, akiona ameonewa, kuipinga. Na kwamba sisi wa Afrika Mashariki tuliojaliwa lugha moja tumeiacha haki hiyo ilale kando ya barabara.

Nianze na kisa kilichonitia kalamu mkononi. Mwezi wa Desemba mwaka 2023 mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa hisabati anayeishi Voi, alitupakia mimi na binamu zangu wawili garini mwake ili twende Tanga kupunga upepo wa bahari. Tuliingia Tanzania kupitia Taveta na Holili, tukapita Moshi na Same, tukashika njia ya Korogwe. Upande wetu wa kushoto ilikuwa milima ya Pare. Upande wa kulia, mbuga kavu isiyo na mwisho. Katika kijiji kimoja baada ya Same askari aliyevaa sare nyeupe alinyoosha mkono. Mjomba alisimama. Ilikuwa Ijumaa, saa nane za mchana.

"Shikamoo mzee," askari alisema.

Mjomba aliitikia marahaba kwa mshangao. Miaka yote aliyoendesha gari nchini Kenya, askari wa trafiki hakuwahi kumwamkia kabla ya kumuuliza leseni.

"Mzee wangu, umepigwa tochi."

Mjomba alilitazama jua, kisha akanigeukia mimi, msomi wa Kiswahili katika safari ile. "Tochi? Mchana huu?"

Ilinibidi nimweleze kwa haraka, nami nilikuwa nimelijua neno hilo kwa kulisoma tu katika magazeti ya Tanzania, kwamba wenzetu wanakiita tochi kile kifaa cha kupimia mwendo wa magari. Mwenzake yule askari alikuwa ameketi chini ya mti mahali tulipotoka, naye alikuwa amekwisha kumtumia picha kwa simu: gari letu, namba yetu, na tarakimu 68. Mahali penye makazi mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa. Askari aliomba leseni na kadi ya gari. Mjomba alimkabidhi kadi ya manjano ya bima, ile inayotolewa chini ya mpango wa COMESA kwa magari yanayovuka mipaka, akidhani ndiyo kadi inayotakiwa. La hasha. Kadi ya gari ni hati ya usajili, ambayo sisi tumezoea kuiita logbuku. Hatimaye askari alisema, "Basi nitakuandikia," na uso wa mjomba ukakunjuka. Alidhani anaandikiwa barua ya onyo. Kumbe kuandikiwa, katika Kiswahili cha barabara za Tanzania, ndiko kutozwa faini kwenyewe.

Msomaji aweza kucheka, nasi tulicheka baadaye. Lakini hebu tuzingatie kilichotokea. Mtu mzima, Mwafrika Mashariki, mwenye kukisema Kiswahili tangu utotoni, alishindwa kufahamu maneno matatu yaliyokuwa na uzito wa kisheria juu yake: kosa aliloshtakiwa, hati aliyotakiwa kutoa na adhabu aliyokuwa akipewa. Hakushindwa kwa sababu hajui lugha. Alishindwa kwa sababu lugha ya sheria za barabarani imekua upande huu wa mpaka na upande ule pasipo pande hizo mbili kuzungumza.

Kutoelewa huko ndiko kulikomfanya apeleke mkono mfukoni. Nauandika ukweli huu kwa ruhusa yake. Noti ya shilingi elfu moja ya Kenya ilikuwa tayari imekunjwa ndani ya kiganja. Mtu asiyeelewa kinachoendelea hutafuta mlango wa karibu zaidi wa kutokea, na katika barabara zetu mlango huo una jina la kifedha. Nilimwambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, tusome kwanza." Noti ikarudi ilikotoka. Sidhani nilimwokoa na faini. Nadhani nilimwokoa na jambo baya zaidi, kwani Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007, sawa na Sheria ya Hongo ya Kenya ya mwaka 2016, humtia hatiani mtoaji sawasawa na mpokeaji. Mgeni anayetoa kitu kidogo ili kukwepa faini ndogo hubadilisha kosa la kulipiwa kwa kosa la kufungiwa. Aidha, humdhalilisha askari ambaye, kama huyu wetu, hakuwa ameomba kitu.

Basi tulisoma. Faini ilikuwa shilingi 30,000 za Tanzania, ambazo kwa thamani ya fedha wakati huo zilikaribia shilingi 2,000 za Kenya. (Mjomba alipolalamika kuwa ni nyingi, nilimkumbusha kwamba Kanuni za Makosa Madogo ya Barabarani za Kenya za mwaka 2016 zilipanga shilingi 10,000 zetu kwa anayezidisha mwendo kwa kilomita kati ya 16 na 20. Alinyamaza mpaka Korogwe.) Karatasi ilikuwa na namba ya kumbukumbu ya malipo, na fedha zilipaswa kulipwa benki au kwa simu, si mkononi mwa askari. Hilo ni jambo la kusifiwa. Mfumo huo umemtenganisha mwenye kuandika faini na mwenye kupokea fedha, na kila msafiri anayepewa namba ya malipo anapaswa kuishukuru badala ya kuiona kuwa usumbufu. Usumbufu upo, sikatai: laini zetu za simu zilikuwa za Kenya, hivyo ilitubidi tumtafute wakala Korogwe, kijana mwenye kibanda karibu na stendi, atulipie kwa fedha taslimu na kutupa stakabadhi.

Hata hivyo, kabla ya kulipa, mjomba alikuwa amesema jambo moja ambalo ndilo kiini cha makala haya. Alisema, "Mimi sikukiona kibao cha hamsini." Askari alijibu kwa adabu ile ile: "Kama unalikataa kosa, mzee, ni haki yako. Tutakwenda mahakamani, hakimu ataamua."

Jibu lilikuwa sahihi kabisa kisheria. Faini inayoandikwa kando ya barabara si hukumu. Ni toleo: ukikiri na kulipa, shauri limekwisha, ukikataa, shauri huenda mbele ya hakimu, na serikali ndiyo inayopaswa kuthibitisha. Watu wengi hawalijui hilo. Wanadhani askari ameshahukumu, kwa hiyo humbembeleza au humtukana kana kwamba yeye ndiye mahakama. Ila sasa tujiulize: ni mgeni gani wa likizo awezaye kuitumia haki hiyo? Ilikuwa Ijumaa alasiri. Shauri lingesikizwa mapema kabisa Jumatatu, pengine baadaye sana. Tulikuwa na chumba kilicholipiwa Tanga kwa siku tatu, kibali cha muda cha gari chenye tarehe ya mwisho, na watoto wawili waliokuwa wakiuliza bahari iko wapi. Mkazi wa Same angeweza kurudi wiki ijayo. Mkazi wa Voi hawezi. Hivyo basi mgeni hulipa, si kwa kuwa amekubali kosa, bali kwa kuwa kulikataa kunamgharimu zaidi ya faini yenyewe. Sheria imempa haki kwa mkono mmoja, na umbali umeichukua kwa mkono wa pili.

Mimi na mjomba tulitembea kurudi nyuma hadi pale kibao kilipo. Kilikuwapo. Kilikuwa kimeinama kidogo, na tawi la mwarobaini lilikuwa limefunika nusu yake. Mimi nilikiona, lakini nilikuwa nikitembea kwa miguu na nikikitafuta. Je, dereva anayekuja kwa kasi ya njia kuu angekiona? Sijui. Hilo ndilo swali ambalo hakimu angelipima, na ambalo halikuulizwa na yeyote.

Nisieleweke vibaya. Siandiki kutetea mwendo wa kasi. Kilomita 50 kwa saa vijijini si hila ya kuwakamua wageni. Katika njia ile ya Same na Korogwe nyumba, visima na shule zimepakana na lami, na watoto huvuka wakiwa na madumu ya maji vichwani. Tanzania imekuwa kali pia kuhusu vivuko vya waenda kwa miguu: dereva asiyesimama mtu anapotaka kuvuka huandikiwa, na Mkenya aliyezoea kupita kwenye mistari hiyo kana kwamba ni mapambo ya lami hushangaa sana. Na ashangae. Aliyezidisha mwendo na alipe, awe mgeni au mwenyeji.

Wapo pia wanaoshauri kwamba mgeni asilipe kabisa, avuke mpaka na kusahau. Ushauri huo ni wa kipumbavu. Faini ambayo haikulipwa hubaki katika mfumo ikiwa imefungamanishwa na namba ya gari, huongezwa kwa kucheleweshwa, na humngojea mwenye gari safari ijayo. Sisi wenyewe, siku tatu baadaye tukielekea Horohoro, tulisimamishwa tena. Askari mwingine aliingiza namba yetu katika mashine yake, akasoma, akasema, "Hamdaiwi. Safari njema." Sitasahau namna mjomba alivyoketi wima baada ya maneno hayo.

Tatizo, basi, si faini. Tatizo ni kwamba mgeni ana njia moja tu iliyo wazi, nayo ni kulipa. Tena si lazima iwe hivyo, kwani wenzetu kwingineko wamelifikiria jambo hili. Umoja wa Ulaya una mataifa 27 na lugha rasmi 24. Mfaransa huendesha gari Italia, Mjerumani Uhispania, na kamera huwapiga picha wote. Mwaka 2015 Umoja huo ulipitisha agizo, ambalo lilirekebishwa mwaka 2024, kuhusu kubadilishana habari za wenye magari pale dereva anapofanya kosa katika nchi nyingine. Agizo la mwaka 2015 lilitaja makosa manane, yakiwamo mwendo wa kasi, kutofunga mkanda, kupita taa nyekundu na kutumia simu. Lakini kilichonivutia mimi kama mwanafunzi wa lugha ni kifungu kimoja: barua anayopelekewa mwenye gari inapaswa kuandikwa kwa lugha ya hati ya usajili wa gari lake, au kwa mojawapo ya lugha rasmi za nchi lilikosajiliwa. Kwa maneno mengine, Mgiriki aliyekosea Denmark ana haki ya kuelezwa kosa lake kwa Kigiriki. Nchini Italia anayetozwa faini ana siku 60 za kuipinga mbele ya mwakilishi wa serikali kuu mkoani, na aweza kufanya hivyo kwa barua, akiwa nyumbani kwake. Simaanishi kuwa Ulaya ni pepo ya madereva. Watalii waliotozwa kwa kuingia maeneo yaliyokatazwa magari katika miji ya kale ya Italia, na kuletewa barua miezi mingi baada ya likizo, wangenicheka. Ninachosema ni kwamba watu wenye lugha 24 walilazimika kulifikiria suala la lugha, nasi wenye lugha moja hatukulifikiria kwa sababu tulidhani limekwisha kutatuliwa.

Halijatatuliwa. Tuugeuze mfano upande wa pili. Mtanzania anayekuja Mombasa kwa likizo akasimamishwa kwa mwendo wa kasi atakutana na nini? Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, imeandikwa kwa Kiingereza. Kanuni za mwaka 2016 nilizozitaja zimeandikwa kwa Kiingereza, pamoja na jedwali la makosa na faini. Hati ya mashtaka huandikwa kwa Kiingereza, kisha karani husimama mahakamani na kuifasiri kwa mdomo. Haya yanatendeka katika nchi ambayo Katiba yake ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Ambayo kifungu cha 49 kinataka anayekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa. Na ambayo sheria yake ya mwenendo wa kesi za jinai imeruhusu Kiswahili katika mahakama za chini tangu zamani. Kiswahili kinaruhusiwa kusemwa mahakamani, lakini karatasi anayopewa mtu mkononi inakikwepa. Tanzania nayo haikuwa tofauti sana kwa miaka mingi, kwani sheria zake ziliandikwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu ambapo mabadiliko ya sheria yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kutafsiri ni kubwa. Karatasi tuliyopewa sisi ilikuwa na vichwa vya Kiingereza juu ya maelezo ya Kiswahili, kama nyumba iliyojengwa na mafundi wawili wasiosemezana.

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa saini mwaka 1999 ulisema kwamba Kiswahili kitaendelezwa kiwe lugha ya mawasiliano mapana ya Jumuiya. Tumeimba wimbo huo katika makongamano kwa zaidi ya miaka ishirini. Nionavyo mimi, tumekiendeleza Kiswahili cha majukwaa na kukisahau Kiswahili cha stakabadhi. Wala haifai kusema kwamba Jumuiya haiwezi kutunga sheria ya barabara moja kwa nchi nyingi. Ilikwisha kutunga. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya, ya mwaka 2013, iliweka kikomo kimoja cha tani 56 kwa malori, ili lori linalotoka Mombasa lisipimwe kwa kipimo kingine likifika upande wa pili. Tulikaa pamoja kwa ajili ya uzito wa lori. Je, dereva wa familia aliyebeba watoto na mkeka wa pwani hastahili kikao kimoja?

Ninalopendekeza si kubwa. Kwanza, karatasi ya faini katika nchi hizi iwe na sehemu ya Kiswahili iliyo kamili, isiyo ya vijisehemu, yenye kutaja kosa na kifungu cha sheria, mahali na saa, mwendo uliopimwa na mwendo unaoruhusiwa, kiasi cha faini na namna ya kulipa. Pili, na hili ndilo muhimu zaidi, mgeni aweze kulikataa kosa kwa maandishi, kwa Kiswahili, pale mpakani anapotoka au akiwa nyumbani, ndani ya siku zilizowekwa, na uamuzi ukitolewa awe na wajibu wa kuutii. Vituo vya pamoja vya mpakani tunavyo, kama Namanga na Holili, ambako maafisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja. Dirisha moja zaidi halitaliangusha paa hilo.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili tunapoingia. Wanasheria wataandika vifungu. Maneno ni kazi yetu. Tuamue, kwa utafiti na si kwa ushabiki wa mipaka, kama tutasema tochi au kipimamwendo, kadi ya gari au hati ya usajili, kuandikiwa au kutozwa. Mimi nalipenda neno tochi, kwa sababu limezaliwa barabarani na kila dereva wa Tanzania analijua; ila silitaki katika karatasi ya sheria itakayosomwa na mzee wa Voi, au wa Bukavu, au wa Jinja. Wengine watanipinga, na ningependa kuwasoma katika toleo lijalo. Ninachokataa ni ile tabia yetu ya kukusanya istilahi za isimu na fasihi mwaka nenda mwaka rudi, tukiziandikia makamusi tunayosomana sisi kwa sisi, ilhali dereva aliyesimamishwa hajui kama ameonywa au ameadhibiwa.

Nimeanza kuandika rasimu ya karatasi hiyo, ukurasa mmoja tu. Mjomba ameipitia kwa kalamu nyekundu, kama alivyokuwa akisahihisha madaftari yetu ya hesabu, na amenirudishia mara tatu. Sehemu ya kosa imekamilika. Sehemu ya malipo imekamilika. Kwenye sehemu yenye kichwa "Namna ya kupinga" nimeacha mistari mitano mitupu, kwa kuwa hakuna utaratibu ninaoweza kumwandikia mgeni hapo zaidi ya kumwambia asubiri Jumatatu.